Punje Moja Kwenye Mfuko wa Sukari

Taa mbili zimening'inia ukutani kwa kukhu, bibi yenu. Nilizinunua siku moja, duka moja, bei moja, na zote zinakula umeme wa paneli ile iliyo juu ya mabati. Ya kushoto inamulika hadi zizini. Ya kulia imefifia. Ukisoma chini yake macho yanawasha. Jana usiku mdogo wenu wa mwisho aliniuliza, "Babu, kwa nini hii imechoka na ile haijachoka?" Nilimwambia ale kwanza. Si kwamba sikuwa na jibu. Jibu ni refu, linaanzia kwenye miwa, na ugali ulikuwa unapoa.

Leo mmeshiba. Sogeeni.

Nyote mmewahi kusimama pale wanapopika sukari nguru, mkingoja mtu awarushie kipande. Juisi ya miwa inachemshwa kwenye karai kubwa, moto wenyewe ni wa makapi ya miwa, povu chafu linaenguliwa, na mwisho kinabaki kitu kizito cha kahawia kinachomiminwa kikaganda. Kitamu, sikatai. Lakini karibu kila kilichokuwa ndani ya muwa kimegandia humo humo, pamoja na moshi kidogo na vumbi la barabarani.

Sasa chukueni punje za sukari ya kiwanda cha West Kenya, hii tunayoiita sukari ya Kabras. Kiwandani hawaachi kila kitu kigande pamoja. Wanaziacha punje zijijenge polepole ndani ya uji mzito, kisha uji ule unazungushwa kwa kasi kwenye pipa lenye matundu. Molasi inaruka nje, punje zinabaki. Kinachofanyika ndani ya uji ndicho ninachotaka mkishike. Punje inapokua, chembe za sukari zinajipanga safu kwa safu na chembe za sukari wenzao, na kitu kigeni kinasukumwa kando, kibaki kwenye molasi. Kitu kilichojipanga hivyo kinaitwa fuwele. Fuwele ina roho ya ubaguzi. Ila ubaguzi wake si kamili, na mgeni mmoja mmoja hupenya.

Moyo wa taa ya LED nao ni fuwele, ndogo kama punje ya sukari. Ukiivunja taa kuitafuta utaikosa, kwa hiyo msivunje.

Fuwele hiyo ni ya ukoo unaoitwa semikondakta. Waya wa shaba hupitisha umeme bila maswali. Kuni kavu hukataa. Semikondakta iko katikati, hupitisha ikibembelezwa. Iliyo maarufu ni silikoni, ambayo husimama peke yake, na ndiyo iliyo kwenye paneli yetu pale juu na kwenye ubongo wa simu zenu. Lakini silikoni ni mbovu sana kwa kutoa mwanga. Kazi hiyo huiweza semikondakta za ndoa, ambapo elementi mbili au zaidi zimefungana: galiamu na aseniki, galiamu na naitrojeni, indiamu na fosforasi. Galiamu ni metali ya ajabu. Huyeyuka kabla joto halijafika nyuzi 30, kwa hiyo ukiishika kiganjani inageuka kama siagi juani. Aseniki, mke wake wa kwanza, ni sumu kali. Wakishaoana wanatulia.

Mwanga unatokaje? Twendeni mtoni, na msijifanye hamwendi, maana nguo zenu huwaumbua.

Fikirieni ule ukingo mrefu mnaojirushia. Juu ya ukingo wamesimama wavulana, chini kuna maji. Kazi ya umeme ni kuwapandisha wavulana hao, yaani elektroni, hadi juu. Wakifika hawakai, wanataka kurudi chini. Mmoja anaruka: chubwi! Maji yanarushwa. Yale maji yaliyorushwa ndiyo mwanga. Mruko mmoja, mmweko mmoja. Na urefu wa ukingo ndio unaoamua rangi. Kwa galiamu na aseniki ukingo ni mfupi, na mwanga unaotoka umepita wekundu hata macho hayauoni. Ni wa aina ileile inayotoka kwenye pua ya rimoti ya televisheni. Kwa galiamu na naitrojeni iliyotiwa indiamu kidogo, ukingo ni karibu mara mbili ya ule, na mwanga ni wa buluu. Hizi taa zetu nyeupe ni buluu ndani, zimefunikwa unga wa manjano unaogeuza sehemu ya buluu hiyo. Itazameni ikiwa imezimwa, mtaona doa la manjano.

Buluu iliwatesa watu miaka mingi. Nick Holonyak alionyesha taa nyekundu ya namna hii Marekani mwaka 1962. Buluu yenye nguvu ilisubiri hadi 1993, mikononi mwa Shuji Nakamura huko Japani, baada ya kazi ndefu ya Isamu Akasaki na Hiroshi Amano. Wote watatu walipewa Nobel mwaka 2014. Tatizo mojawapo lilikuwa la metali pia. Walitaka magnesiamu ikae ndani ya fuwele na ifanye kazi, kumbe hidrojeni imeikumbatia. Dawa ya Nakamura ilikuwa ya mpishi: aliipasha moto mpaka hidrojeni ikaondoka.

Lakini hiyo ni metali iliyoalikwa. Hadithi yangu ni ya zile zisizoalikwa.

Chukueni chuma. Atomi moja ya chuma inapenya kwenye fuwele inapojengwa, inakaa kwenye kiti cha galiamu. Haifanani na galiamu, haishikani na majirani kama galiamu inavyoshikana. Kule mtoni ni kama jiwe limechomoza kwenye ukingo. Je, jiwe hilo lina madhara? Inategemea limechomoza wapi. Likiwa karibu kabisa na juu, mvulana akilikanyaga anaweza kurudi juu kwa hatua moja, au aruke kutoka hapo, na bado maji yatarushwa karibu kama kawaida. Likiwa chini kabisa, karibu na maji, vilevile. Hatari ni jiwe la katikati. Mvulana anateremka hadi kwenye jiwe, anatulia, kisha anateremka tena taratibu hadi majini. Hakuna chubwi. Hakuna mwanga. Nguvu yote aliyokuwa nayo imeishia kuutikisa ukingo, na huo mtikisiko ndio tunaouita joto.

William Shockley na W. T. Read waliiandika hesabu ya jambo hili Marekani mwaka 1952, na R. N. Hall akafikia neno hilohilo mwaka huohuo mahali pengine. Mawe ya kati yakapewa jina: mitego ya kina. Kina, kwa sababu elektroni ikishatua hapo haiwezi kurudi juu kwa nguvu zake. Joto la kawaida la chumba hiki hukisukuma kila kitu kidogokidogo, hata atomi za kiti ulichokalia. Kwenye mtego wa kina kifupi, mtu hutoroka kwa msukumo huo mmoja. Mtego wa katikati kwenye galiamu na aseniki unahitaji zaidi ya mara 25 ya msukumo huo. Utangoja.

Mmoja wenu atasema: lakini mtego ukishanasa si umejaa? Mtego wa fuko anaoutega baba yenu shambani, fito imepinda, kitanzi kiko tayari, ukishamshika fuko mmoja kazi yake imekwisha hadi mtu aje autege upya. Ndiyo. Huu wa chuma hujitega wenyewe. Elektroni imetua, nafasi imepatikana chini, elektroni imeshuka, jiwe liko wazi tena. Unaweza kufanya hivyo mamilioni ya mara kwa sekunde, na chuma chenyewe hakichoki wala hakiishi.

Ndiyo maana kiasi kidogo kinatosha. Kidogo kiasi gani? Nilikaa na penseli nikapiga hesabu. Ndani ya fuwele ya galiamu na aseniki yenye ukubwa wa kete ya mchezo wa ludo, sentimita moja kila upande, kuna atomi 44 ikifuatwa na sifuri 21. Tia chuma humo kwa kipimo cha atomi moja katika kila milioni 44. Tayari una mitego ya kutosha kula sehemu kubwa ya mwanga wakati umeme unaopita ni mdogo. Sasa twende kwa sukari. Tuseme punje moja ina uzito wa miligramu moja. Kilo moja ina punje milioni moja. Mfuko wa kilo 50, ule mnaouona ukipakiwa kwenye lori, una punje milioni 50. Kwa hiyo tunazungumzia punje moja chafu katika mfuko mzima. Nani angeiona? Kukhu wenu hupepeta mchele mpaka kokoto ya mwisho, lakini hata yeye angeshindwa.

Wala msidhani atomi hizo za chuma ziko mbali mno hata elektroni ikazikosa. Kwa kipimo hicho, kutoka mtego hadi mtego ni kama sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele, na elektroni ndani ya fuwele huyumbayumba kwa kasi inayozidi kilomita 100 kwa sekunde. Itaupata tu.

Hapa nataka niwapeleke Rosterman, kando ya mji wa Kakamega. Dhahabu ilipogunduliwa upande ule mwaka 1931, wageni walimiminika na mahema yao, na mgodi wa Rosterman ulichimbwa hadi ulipofungwa mwaka 1952. Mpaka leo kuna watu Kakamega wanaoteremka mashimoni na sururu na kurunzi wakiitafuta dhahabu, na mara nyingine shimo huwaangukia. Basi sikilizeni. Dhahabu hiyohiyo, ikiingia kwenye silikoni, hukaa karibu katikati kabisa ya ukingo. Katika fuwele ni mojawapo ya mitego mibaya iliyojulikana mapema. Mhandisi anayetaka silikoni safi huiogopa pete ya dhahabu kuliko anavyoogopa mchanga. Shaba nayo ina tabia ya panya: fuwele ikipashwa moto kidogo, inapenya ndani upesi kuliko metali nyingi. Na katika msombo wa zinki na salfa, ambao zamani ulipakwa ndani ya vioo vya televisheni nene, shaba ilitiwa kwa makusudi ili itoe mwanga wa kijani, ilhali chuma, nikeli na kobalti zikiingia humo ziliuzima mwanga kabisa. Wataalamu waliziita wauaji. Mimi sikulibuni jina hilo.

Chuma kinatoka wapi? Tazameni miguu yenu. Udongo wetu ni mwekundu kwa sababu una chuma kilichopata kutu. Mngeingia hivyo kwenye karakana ya fuwele mngefukuzwa mlangoni. Wanaofanya kazi humo huvaa suti inayofunika hadi nywele, hewa huchujwa mchana na usiku, na hata kibanio cha chuma cha kushikia kipande cha fuwele hutazamwa kwa mashaka. Mabomba yanayopitisha gesi yanaweza kuwa mkosaji. Chombo cha kuyeyushia kinaweza kuwa mkosaji. Galiamu yenyewe husafishwa kwa njia ambayo mpika sukari angeielewa: inagandishwa polepole, uchafu unabaki kwenye kioevu, kioevu kinamwagwa, inarudiwa tena na tena, hadi ifikie usafi wa asilimia 99.99999. Kwetu Kenya, pale Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi huko Nyeri, kuna kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inayoshughulika na chipu. Yule kati yenu anayependa usafi kupita kiasi, anayewakera wenzake kwa kufutafuta meza, ana kazi inayomfaa duniani.

Na mtego wenyewe hauonekani kwa darubini ya shule. Unaukamataje? Mwaka 1974 David Lang, wa maabara za Bell huko Marekani, alitoa njia ambayo naipenda kwa sababu ni ya mtu mvumilivu. Anaigandisha fuwele kwa baridi kali, nyuzi nyingi chini ya sifuri, hadi msukumo wa joto ufifie. Kisha kwa pigo fupi la umeme anajaza mitego yote. Kila jiwe lina mvulana. Halafu anaiacha fuwele ipate joto polepole, huku akipima umeme uliohifadhiwa ndani yake. Walio kwenye mawe ya juu wanatoka mapema, bado baridi. Walio kwenye mawe ya kina wanasubiri hadi joto lizidi. Kila mtego unamwachia mvulana wake kwa joto lake, na kwa kuangalia nani ametoka lini unaweza kusema hiki ni chuma, hiki ni shaba, hiki ni kromiamu. Kama mwalimu anayejua nani amechelewa kwa kusikiliza viatu tu.

Njia nzuri, ila hata njia nzuri hukosea ukiharakisha hukumu. Katika galiamu na aseniki kulikuwa na mtego mmoja mkubwa, karibu katikati, ambao wataalamu waliupa jina EL2. Kwa miaka walisema mkosaji ni oksijeni. Oksijeni ilikuwa jirani, ilikuwa na sifa mbaya, ikashtakiwa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 watu walipima oksijeni na kupima mtego, wakaona hesabu hazikubaliani: palipokuwa na oksijeni nyingi mtego haukuongezeka. Ikaja kueleweka kwamba mkosaji si mgeni hata kidogo. Ilikuwa aseniki yenyewe, mwenye nyumba, imekaa kwenye kiti cha galiamu. Fuwele haikuwa chafu. Ilikuwa imepanga vibaya.

Halafu hadithi inageuka, na hapa ndipo watu wazima wengi hunikatiza kwa ubishi. Mitego hii hii, waliyoitafuta ili waifukuze, wakaanza kuialika. Chipu nyingi za mawasiliano hujengwa juu ya kibao cha fuwele, na kibao hicho hakitakiwi kupitisha umeme, la sivyo ujumbe unavuja. Dawa ni kutia mitego ya kutosha ili kila elektroni inayozurura inaswe. Kwa galiamu na aseniki walitumia kromiamu, baadaye wakaiacha EL2 ifanye kazi hiyo bila mshahara. Kwa indiamu na fosforasi wanatia chuma. Ndiyo, chuma. Leza zinazorusha mwanga kwenye nyaya za kioo baharini hujengwa juu ya indiamu na fosforasi, na katika nyingi kati yake chuma huwekwa ubavuni, kama matuta ya shamba la mtelemko, umeme usitawanyike bali upite katikati panapotoka mwanga. Waya wa TEAMS ulipofika Mombasa mwezi Juni 2009 ukitokea Fujairah, na SEACOM ukawashwa mwezi uliofuata, intaneti ya nchi hii ilianza kupita kwenye mianga ya namna hiyo. Hata dhahabu ya silikoni ilipewa kazi: swichi inayotakiwa kuzimika haraka hutiwa dhahabu kidogo, inyonye elektroni zilizobaki mara umeme unapokatwa.

Mjukuu wangu mkubwa, yule wa gredi ya nane, aliniuliza mwaka jana, "Sasa Babu, chuma ni kizuri au kibaya?" Nikamuuliza ng'ombe ni mzuri au mbaya. Akasema mzuri. Nikamuuliza, akiwa ndani ya mahindi?

Sasa taa. Kwanza nilibadilisha nafasi zake, ya kulia nikaiweka kushoto. Iliendelea kufifia hukohuko ilikokwenda, kwa hiyo paneli na waya hazina kosa. Lakini msikimbilie kusema chuma kimeingia. Oksijeni ilishtakiwa hivyohivyo. Taa nyingi za bei rahisi huharibiwa na vifaa vidogo vinavyolisha umeme, si fuwele. Na pale fuwele inapochoka kweli, mara nyingi kisa ni joto: taa isiyo na kipande cha alumini cha kutosha nyuma yake inajipika yenyewe, atomi zinahama viti, mitego mipya inazaliwa ambayo haikuwapo siku niliyoinunua. Kila mtego unatoa joto badala ya mwanga, joto linazaa mitego mingine, na taa inashuka hivyo bila kuzima ghafla kama balbu za zamani. Hata watengenezaji wenyewe huhesabu kwamba LED imefikia mwisho wa maisha mwanga wake ukishuka hadi asilimia 70 ya ule wa mwanzo.

Kesho mchana, paneli ikiwa imezibwa, tutaifungua tuone nyuma yake kuna alumini au plastiki tupu. Yule aliyechukua bisibisi yangu ndogo airudishe kabla ya kulala.